Madaftari Mawili: Historia ya Majirani kwenye Njia ya Mubambiro

Hapa kwetu tunapenda kuongea mambo makubwa: Luanda, Nairobi, Doha, nani kasaini, nani kakataa. Si vibaya. Ila leo nawaomba tushuke kidogo, tutoke kwenye meza za marais tufike kwenye avenyu, pale ambapo shefu wa nyumba kumi anajua nani kalala njaa na nani kapokea mgeni jana usiku. Historia ya huko chini haiandikwi sana. Na mimi naona ndiyo inayoeleza kwa nini watu wa njia ya Goma na Sake bado wapo, baada ya yote yaliyowapata.

Nachukua mfano mmoja: Mubambiro. Watu wengi wa nje wamelijua jina hili kupitia kambi ya askari. Kwanza MONUSCO, halafu askari wa SADC kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Ukiandika Mubambiro kwenye simu yako utaona picha za vifaru na magari meupe. Wenyeji huwaoni. Utadhani kambi ilijengwa jangwani!

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukitoka Goma kwenda magharibi kwa barabara ya taifa namba 2, unapita Mugunga, halafu barabara inapita kati ya ziwa Kivu na mbuga ya Virunga. Kabla ya kufika Sake, ndipo Mubambiro. Tayari uko teritwari ya Masisi, katika utawala wa Bahunde, grupema ya Kamuronza. Mbuga iliwekwa na Wabelgiji mwaka 1925, wakaiita kwa jina la mfalme wao Albert. Mwaka 1938 Nyamulagira ililipuka, na mlipuko ule uliendelea hadi 1940. Lava ikashuka mpaka ziwani. Kwa hiyo mtu wa pale anaishi na mbuga upande huu, ziwa upande ule, volkano juu yake, na barabara katikati. Barabara hiyo ndiyo shida, na ndiyo riziki. Sake ni njia panda: moja inapanda Masisi hadi Walikale, nyingine inaenda Kitshanga, nyingine inafuata ziwa hadi Minova na Bukavu. Chakula cha Goma kinapita hapo. Na kila mwenye bunduki anayeitaka Goma kutoka magharibi, lazima apite hapo pia.

Sasa, watu wa mahali kama hapo walijipangaje? Mimi naona kuna madaftari mawili katika historia yao. La kwanza ni daftari la mkubwa: linaandika majina ili watu waitwe. La pili ni daftari la jirani: linaandika majina ili watu wasisahauliwe. Mara nyingi madaftari haya mawili yanashikwa na mtu mmoja, na hapo ndipo mambo huwa magumu.

Daftari la mkubwa ni la zamani. Wakati wa Bula Matari kulikuwa na sheria iliyomlazimisha mwanaume wa kijijini kufanya kazi za lazima, hasa za mashamba na barabara, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, Wazungu wakiwa vitani kwao, siku zikapandishwa hadi 120. Fikiri hapo: theluthi ya mwaka mzima. Aliyetuma watu kwenye kazi hiyo ni shefu, na ili atume alihitaji kujua nani yuko nyumba gani. Babu zetu walijifunza mapema kwamba kuandikwa jina si baraka kila mara.

Uhuru ukaja 1960. Miaka ya 1970 Mobutu akaleta salongo. Neno lilikuwa tamu: kazi ya pamoja, mikono yetu kwa nchi yetu. Jirani zetu nao walikuwa na yao, Rwanda umuganda, Kenya harambee ya Mzee Kenyatta. Lakini wazee waliopitia salongo watakueleza kwamba mara nyingi ilikuwa amri ya chama, MPR, na asiyefika anatozwa faini. Wengine walilima shamba la mkubwa huku wakiambiwa wanajenga taifa. Sitaki kusema salongo yote ilikuwa uongo. Mitaro ilizibuliwa, barabara zilifagiliwa. Tatizo ni kwamba mwananchi hakuulizwa mtaro upi uanze.

Halafu serikali ikaanza kuondoka. Haikutangaza, iliondoka tu. Mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata nauli. Na hapa, ndugu msomi, jiangalie kwenye kioo. Kama ulisoma Kongo kati ya 1993 na 2019, nani alimlipa mwalimu wako? Si Kinshasa. Ni komite ya wazazi. Kanisa Katoliki na wazazi walikubaliana kutoa pesa ya kumtia moyo mwalimu ili shule zisifungwe kabisa, na kile kilichoanza kama msaada wa muda kikakaa miaka zaidi ya 25, mpaka elimu ya bure ya shule za msingi ilipoanza Septemba 2019. Waliofukuzwa darasani kwa kukosa ile pesa walikuwa wengi, na hilo ni donda. Lakini pia ni kweli kwamba diplomi zetu tunazobandika ukutani zimetoka kwenye mifuko ya wamama wanaouza maharagwe na sambaza.

Na wamama hao pesa waliipata wapi? Likelemba. Hapa ndipo daftari la pili linapoanza kuonekana wazi. Tuseme wamama kumi wa avenyu moja, kila mmoja anatoa frank 5,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anabeba 50,000. Hakuna benki, hakuna wakili, hakuna muhuri. Kuna daftari la mistari, kalamu, na macho ya majirani. Anayepokea wiki ya kwanza amekopeshwa na wenzake tisa. Anayepokea wa mwisho amewaamini wenzake tisa. Ukihama usiku bila kumaliza, jina lako linabaki pale, na mdomo wa mtaa unalibeba mpaka huko ulikohamia. Mtoto wa mmoja akilazwa, zamu inasogezwa. Ni kitu kidogo sana kwa macho ya mwanauchumi, ila ndicho kilichojenga nyumba nyingi za mbao unazoziona kandokando ya barabara ile.

Lazima niseme pia upande mwingine, maana historia ya vyama kwetu haikuwa ya upendo peke yake. Tangu 1937 Wabelgiji walileta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, bila kuwauliza wenyeji na bila kupanga vizuri nani atakuwa chini ya shefu gani. Swali hilo la ardhi na utawala liliachwa linachemka. Kwa hiyo vyama vingi vya kusaidiana, vile tulivyoviita mutuweli, vilisimama kwa misingi ya kabila. MAGRIVI, iliyoanzishwa 1980, ilijiita mutuweli ya wakulima na wafugaji wa Virunga. Haikuchukua muda ikawa chombo cha siasa. Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyofungua vyama vingi, kila jamii ikakaza mutuweli yake. Machi 1993 vita vikaanza Ntoto, kule Walikale, vikaenea Masisi. Watu walikufa kwa maelfu. Watu waliosaidiana kuchimba kaburi mwaka mmoja waliogopana mwaka uliofuata.

Mwaka 1998 kukaundwa Barza ya jamii zote za Kivu ya Kaskazini, wazee wa kila kabila wakae pamoja wazime moto kabla haujawaka. Ilisaidia kwa muda, halafu kuelekea uchaguzi wa 2006 siasa ikaivunja nguvu. Mimi naona udhaifu wake ulikuwa huu: mzee aliingia pale akiwakilisha kabila lake, akatoka akiwakilisha kabila lake. Chama cha avenyu ni tofauti. Pale hukai kwa sababu ya damu, unakaa kwa sababu bomba ni moja na choo chako kikifurika kinaingia kwa jirani. Maji machafu hayaulizi mtu kabila.

Basi, tuje kwenye nyumba kumi. Jina lenyewe ni Kiswahili safi, na lina safari yake. Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliianzisha miaka ya kwanza ya 1960 kupitia TANU: kila nyumba kumi, balozi mmoja. Kenya ikaichukua 2013, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi. Kwetu ilishika wakati wa gavana Julien Paluku, aliyeongoza jimbo tangu 2007 hadi 2019. Chini ya kartie kuna avenyu, chini ya avenyu kuna nyumba kumi, na kila mgeni anayelala lazima ajulikane. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na huwezi kuipuuza katika mji ambao watu wanauawa usiku wakirudi nyumbani. Lakini ona ilivyo: daftari la mkubwa limerudi, safari hii mikononi mwa jirani yako mwenyewe, mtu asiye na mshahara. Baadhi ya mashefu walilitumia kuomba pesa ya soda kwa kila mgeni. Wengine walilifanya kuwa kitu kingine kabisa, na siku ya kulipima ilifika.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ikalipuka. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima akatangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame mara moja. Watu walimiminika. Wengine Rwanda, wengine kwa mtumbwi na meli hadi Bukavu, wengine Rutshuru, na umati mkubwa ukashika barabara ile ya magharibi kwa miguu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mpaka Sake. Mji mdogo uliokuwa hauna maji ya kujitosheleza ukajazwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja. Shule zikajaa, makanisa yakajaa. Na zikajaa nyumba za watu.

Hapo hakukuwa na mpango wa kimataifa siku ya kwanza. Malori ya misaada yalikuja baadaye. Usiku ule wa kwanza kilichofanya kazi ni mtu kujua nyumba ya nani ina chumba, nani ana wagonjwa wa kuhara asichanganywe na wengine (kipindupindu ni mwenyeji wa zamani kandokando ya ziwa), nani ana bidoni za ziada. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye daftari la jirani. Mengine hayakuwa hata kwenye karatasi, yalikuwa kichwani. Kuanzia tarehe 7 Juni Goma ikaruhusiwa kurudi, na wengi wetu tulisahau haraka. Nasema wengi wetu wa mjini. Kwenye vyombo vya habari ilibaki hadithi ya volkano. Waliofungua milango hawakuhesabiwa.

Kisha mambo yakageuka. Sake ilikuwa imeshazoea kukimbia: Novemba 2006 wakati wa Nkunda, Desemba 2007 tena, Novemba 2012 M23 walipoichukua Goma. Lakini Februari 2024 ilikuwa nyingine. Vita vilifika kwenye vilima juu ya Sake, mabomu yakaanza kudondoka hadi Mubambiro, na watu wakashika njia ileile kuelekea mashariki. Waliokuwa wenyeji 2021 wakawa wadeplase 2024. Bulengo, Lushagala, Rusayo, turubai juu ya mawe ya volkano. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakawafuata hukohuko kambini, upande wa Mugunga na Lac Vert.

Kuna jambo moja kambini ambalo wanaosoma sosholojia wangelichunguza. Watu hawakukaa ovyo. Walikaa kwa kijiji na kwa avenyu kadiri walivyoweza, na kila bloku ikawa na rais wake, wamama na mashauri wao, kamati ya maji. Orodha za kugawa chakula zilipita kwa viongozi hao. Ndiyo, kulikuwa na majina hewa, na kulikuwa na waliokatwa kwenye orodha kwa sababu hawakumjua mtu. Sifichi. Ila likelemba nazo zilizaliwa upya, kwa frank 500, kwa kikombe cha unga. Mtu anapochanga unga katika hema, anaonyesha kwamba anategemea kuwepo wiki ijayo.

Mwisho wa Januari 2025 M23 wakachukua Sake, na tarehe 27 wakaingia Goma. Askari wa SADC wakabaki wamezingirwa kambini, Mubambiro na Goma, mpaka walipoanza kuondoka mwisho wa Aprili. Wiki ya pili ya Februari wadeplase waliambiwa waondoke kambini ndani ya saa 72. Turubai zikang'olewa, watu wakarudi walikotoka. Na salongo ya Jumamosi ikarudi Goma kwa amri ya uongozi mpya. Miaka kama 50 imepita tangu Mobutu ailete, neno ni lilelile.

Waliorudi upande wa Mubambiro na Sake walikuta nini? Mabati yameondolewa, milango imechomwa kama kuni, mabomu yasiyolipuka mashambani. Na swali lililo gumu kuliko mabati: parseli hii ni ya nani?

Hapa naomba uvumilivu, maana ni sheria kidogo. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya serikali. Kifungu cha 389 kilisema haki za watu juu ya ardhi za kimila zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo mtu wa kawaida kwenye njia ile hana hati ya usajili. Ana karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu na mashahidi, au fishi ya parseli, au ana ukuta wa mawe aliopanga mwenyewe na majirani wanaosema, huyu tunamjua, baba yake alilima hapa. Karatasi iliungua au ilibaki njiani. Ukuta unaweza kusogezwa usiku mmoja. Kinachobaki ni jirani anayekumbuka. Na majirani hao wametawanyika: mmoja yuko Minova, mwingine Nyakivale Uganda, mwingine alizikwa Bulengo.

Ndiyo maana nasema daftari la jirani si jambo la hadithi za wazee. Ni ushahidi, na unayeyuka tukiwa tunatazama.

Kuna wenzetu wamependekeza kwamba sisi wenye kompyuta na simu nzuri tukaandike: kila avenyu, kila parseli, nani alikuwa wapi kabla ya Februari 2024. Wazo ni zuri, na kazi za vijana wa LUCHA tangu 2012, wakidai maji na ajira bila silaha, zinatukumbusha kwamba msomi anaweza kushuka mtaani. Lakini nina wasiwasi na naomba tuujadili kwenye maoni. Orodha ya majina katika eneo lenye bunduki si karatasi tu. Orodha iliyoandikwa kulinda mpaka wa shamba leo, kesho inaweza kutumika kumtafuta mtu: alikuwa wapi, mwanawe aliingia kundi gani. Babu zetu wa siku 120 walilijua hilo bila kusoma chuo.

Mimi ningegawanya hivi. Tuandike mipaka: ukuta unaanzia jiwe gani, unaishia mti gani, njia ya maji inapita wapi, nani anapakana na nani. Tuandike mwaka wa kununua na kiasi kilicholipwa kama kinakumbukwa. Nakala mbili, moja ibaki na mwenye parseli, nyingine kwa jirani anayeaminiwa na pande zote mbili, si kwetu na si kwenye simu zetu. Kabila tusiandike. Mgeni aliyelala tusiandike. Mtoto aliyeondoka tusiandike aliondoka kwenda wapi.

Na tuanze na wamama wa likelemba kabla ya mashefu, maana mashefu wanabadilishwa na kila anayeingia. Daftari la likelemba halibadilishiwi mtu. Kule Sake wapo walioanza tena kuchanga, na cha kwanza walichofanya, kabla ya pesa yoyote kutolewa, ni kusoma majina ya zamani moja moja kuona nani amerudi.